Ekseli Tulizozika Mikokoni Chaani

Kwa miaka ishirini na sita niliamini, kwa moyo wangu wote na cheti cha shule ya jioni juu yake, kwamba ekseli ya pikapu ikizikwa siku saba katika matope ya mikoko chini ya Chaani, chuma hunywa chumvi, hukomaa, na hakipindi tena hata gari likipandishwa mnazi. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama unavyoamini kwamba kesho kutakucha. Niliwaeleza wateja, niliwaeleza wakwe zangu, na Jumapili moja nilimweleza padri nje ya kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, kwa sababu gari la parokia lilikuwa kwangu, juu ya mawe.

Nyinyi mlioniaga majuzi kwa soda na keki mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi hii, kabla sijasahau. Nimekubali. Nani alipanda na nani alishuka hamtayapata hapa. Gereji yetu haikuwa na vyeo, ilikuwa na spana. Nitaandika kuhusu ekseli, maana ndizo zilizonipinda mgongo, nami nikazinyoosha. Naona tumelipana.

Nilifika kwa Fundi Mbwana nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Mchana nilikuwa nikipakua magunia katika maghala ya Changamwe, na jioni nikisoma ufundi wa vyuma na magari. Miaka mitatu nililala darasani kwa jicho moja na kusoma kwa la pili. Siku niliyopata cheti nilikitia kwenye plastiki, nikavaa shati jeupe, nikateremka Chaani kutafuta kazi.

Mzee Mbwana alikuwa mtu wa Mvita wa asili. Kofia yake nyeupe sikuipata kuiona na doa hata moja la oili, ingawa mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Nadhani oili yenyewe ilimwogopa.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Hiyo karatasi ni ya nini?”

“Cheti changu, fundi. Nimefaulu.”

“Mashallah. Kiweke pakavu. Haya, lala chini ya pikapu ile, fungua mato, uniambie waona nini.”

Nikalala na shati langu jeupe. “Naona ekseli, fundi.”

“Iko vipi?”

“Iko… chini.”

“Miaka mitatu ya shule,” akasema, “na umejua kwamba ekseli iko chini. Alhamdulillahi. Tuna pa kuanzia.”

Akapiga magoti kando yangu, akanionyesha kwa kidole. Tairi zote mbili za nyuma zililika upande wa ndani tu, upande wa nje zikiwa bado na meno. Magurudumu yaliegemeana juu kama walevi wawili wakirudi nyumbani. Kwenye sili, palipo na mpira unaozuia oili isitoke nje, kulikuwa na unyevu mweusi. Maana yake lile kasha la chuma, ambalo ndani yake hupita shafti za magurudumu, na katikati yake limekaa difu, zile gia za kugawa nguvu ya injini, tumboni kama mimba, lilikuwa limepinda. Kwa jicho hukuona kitu. Tairi ndizo zilizosema.

“Ekseli haina ulimi,” mzee akasema. “Wa kuulizwa ni jirani zake.”

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na mpaka leo mtu akiniletea gari huangalia tairi kabla sijamwangalia yeye usoni.

Karakana yetu ilikuwa mteremkoni, karibu na mikoko hivi kwamba maji yakijaa tulisikia kaa wakigombana. Ilikuwa na kuta tatu za mabati. Ukuta wa nne ulikuwa upepo. Kila jioni mzee alipakia sanduku la vifaa kwenye mkokoteni, akalivuta hadi nyumbani kwa dada yake alikokuwa akilala siku za kazi. Asubuhi alilirudisha. Nilidhani ni mapenzi. Kuna watu hulala na paka.

Kazi ilikuwa nyingi. Pikapu hizi zimetengenezwa zipite lami na mchanga kidogo, lakini watu wetu wana mashamba Kinango na Ganze, wana mawe ya kujengea, wana maji ya kupelekea ng’ombe, wana harusi. Nimeona pikapu ya tani moja imebeba mbuzi, matangi, kitanda cha mninga na bibi harusi aliyekalia kitanda hicho. Ikaingia korongoni, ikatoka na ekseli kama ndizi mbivu.

Dawa ya ndizi hiyo mzee alinifunza polepole. Kwanza unafungua kila kitu: magurudumu, shafti, difu, beringi, sili. Usichomelee kasha likiwa na vitu ndani. Moto utazipika sili, na umeme ukipita kwenye beringi utaziachia ndui. Kisha unalinyoosha kwa jeki na mnyororo. Kisha unalipa mgongo: kipande cha chuma kinene kilichokatwa kama daraja, kinachokaa juu ya kasha kutoka springi hii hadi springi ile, kikiruka tumbo la difu. Mgongo ule ndio unaougawa uzito, usikae mahali pamoja.

Na hapo kwenye kuchomelea ndipo mafundi wengi huharibu. Chuma ukikichoma upande mmoja kwa mfululizo, kikipoa huinama kuelekea upande huo kama mtu anayesikiliza umbea. Kwa hiyo unachomelea urefu wa kidole, unaacha. Unahamia mwisho wa pili, kidole kimoja, unaacha. Upande wa mbele, upande wa nyuma. Unakwenda kunywa maji. Kazi ambayo mtu mwenye pupa humaliza kwa saa mbili, mzee aliifanya siku mbili, na katikati yake aliswali, akala, akasuluhisha ndoa ya jirani.

Mwisho alileta kifaa chake kimoja ambacho sijakiona kwingine. Kilikuwa fimbo ndefu ya chuma iliyonyooka sawasawa, na visahani viwili vya chuma vilivyochongwa vikae kule zinakokaa beringi. Aliipitisha ndani ya kasha, ncha hadi ncha, akaizungusha. Ikizunguka kwa vidole viwili, kasha limenyooka. Ukihitaji kiganja kizima, rudi kwenye moto. Fimbo ile aliiita Kadhi, kwa sababu ilisikiza pande zote mbili na haikula rushwa. Ndiyo ile iliyotundikwa ukutani kwenu. Msiitumie kufukuzia paka.

Makosa yangu ya mwanzo yangejaza daftari. Moja nitawapa bure. Mzee aliniachia nitengeneze ngao ya difu, lile bamba nene linalokaa chini ya tumbo ili mawe yakwangue bamba na si difu. Nikatengeneza ngao nzuri, wallahi, kifaru angeiomba aivae. Nikaichomelea pande zote, nikapaka rangi. Miezi mitatu baadaye mteja akarudi kubadilisha oili, na tundu la kumwagia oili lilikuwa ndani ya ngao yangu, limefungiwa kama siri ya familia. Nilikata siku nzima. Tangu hapo ngao zetu hufungwa kwa bolti na zina dirisha.

Sasa nirudi matopeni.

Wiki ya pili tangu nianze, jioni, tukiwa tumefungua ekseli ya lori dogo na shafti zake zimepelekwa mjini kuchongwa, mzee akaniambia nichukue jembe. Tukalipaka kasha grisi nene kama siagi ya mkate wa tajiri, tukaziba matundu kwa matambara, tukalifunga kwa plastiki na gunia, tukalipakia mkokotenini na kuliteremsha mikokoni maji yakiwa yamekupwa. Tukachimba. Tukalizika. Mzee akachomeka kijiti kidogo.

“Usimwambie mtu iko wapi,” akasema.

“Kwa nini tunaizika, fundi?”

“Chimba wewe. Maswali yatakungoja.”

Kesho yake nikamwuliza kibarua mmoja aliyekuwa akiosha malori karibu nasi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaninong’oneza: matope yale yana chumvi ya tangu dunia kuumbwa, chuma kikilala humo siku saba hunywa, hukomaa, na mzee hataki itajwe, kwa sababu dawa ikitajwa hupoa.

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilikuwa na cheti. Na shule ya jioni ilikuwa imenifunza, kweli kabisa, kwamba chuma cha kutengenezea patasi, kikichomwa hadi kuwa chekundu na kutumbukizwa katika maji ya chumvi, hukomaa. Nikaunganisha moja na moja, nikapata kumi na moja. Ule wekundu wa moto niliuruka, nikaona ni jambo dogo. Usiku ule nilichora mchoro wa chumvi ikiingia ndani ya chuma kwa vishale.

Elimu kidogo ni kama kitambaa kidogo: mtu hukivaa kichwani akasahau kwamba kiuno kiko wazi.

Na ona nilivyofika mbali. Miaka ikapita, mzee akaanza kuniachia kazi zangu mwenyewe. Nikajiambia, huyu mzee ni bingwa, lakini kuna mahali anakosea: akipaka grisi na kufunga plastiki, chumvi itaingilia wapi? Kwa hiyo ekseli zangu nilizizika tupu. Bila grisi, bila gunia, ngozi kwa matope. Zilitoka na rangi ya kahawia, na mimi nilifurahi. Niliiita rangi ya kukomaa.

Kisha mwenye kiwanja akatujengea ukuta wa mawe na mlango mkubwa wa chuma. Mwaka huohuo mzee akaacha kuzika. Nikasikitika. Nikasema moyoni, uzee huu, hata desturi nzuri huiangusha. Muda si mrefu akastaafu, akarudi kwao Mtongwe, upande wa Likoni. Akaniachia Kadhi na kiti chake. Desturi niliibeba peke yangu, kama yatima wa kifalme.

Sasa niwaeleze kuhusu Sista Mbodze.

Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ndani kabisa, nyuma ya Kinango, mwanamke mfupi wa Kiduruma aliyeendesha pikapu ya zahanati mwenyewe, akiwa amekalia mto wa kochi ili aone barabara. Gari lile lilikuwa zahanati ya pili: lilibeba chanjo, lilibeba wagonjwa, na wakati mwingine lilibeba mbuzi wa shukrani. Kati ya zahanati na barabara kuu kuna mto wa msimu. Kiangazi ni mchanga na mawe tu, mtu anavuka akipiga mluzi. Masika yakianza, unavuka kwa gari lililoinuka, kwa saa chache, ukimwomba Mungu kwa majina yake yote.

Aliniletea gari Jumatatu, ekseli ikiwa imepinda kwa mara ya tatu.

“Kaka Kazungu,” akasema, “safari hii nisikilize vizuri. Kuna mama kwangu anaitwa Sidi. Mtoto wa kwanza alipasuliwa. Huyu wa pili daktari amesema asithubutu kumzalia nyumbani, kovu litaachia. Amekataa kutoka mapema, ana mama mkwe wa kuuguza. Nimekubaliana naye nitamtoa Jumamosi, nimlaze hospitali kubwa kabla ya mvua. Ijumaa nataka gari.”

“Utalipata, Sista.”

“Apa.”

“Ndiyo yangu ni ndiyo.”

Na nilifanya kazi ile kama ninalitengeneza gari la malaika Gabrieli. Mgongo mnene, pembe za bamba zilizoshika kasha pale linapokutana na tumbo la difu, kidole kwa kidole, maji ya kunywa katikati. Jumanne jioni Kadhi alizunguka kwa vidole viwili. Ilikuwa ekseli nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, na ndiyo maana sikuweza kuiachia mbichi. Nilijiambia, Jumamosi ataikosa kidogo, lakini atapata ekseli ya maisha. Nikaiteremsha mikokoni, nikaizika.

Mnaona jinsi mtu mwema anavyoweza kuwa hatari.

Alhamisi asubuhi Sista akaja kuangalia. Akalikuta gari juu ya mawe, nyuma tupu.

“Fundi, nyuma ya gari langu iko wapi?”

“Inapumzika, Sista.”

“Nani anapumzika? Ekseli? Mimi sijapumzika tangu mwaka juzi.”

Nikajaribu kumweleza kwa lugha ya kitaalamu, mambo ya ukomavu wa chuma, nikataja shule ya jioni. Akakaa juu ya tairi, akaweka mkoba wake mapajani.

“Umeizika,” akasema.

“Naam.”

“Matopeni.”

“Siku saba. Leo ni ya tatu.”

Aliniangalia kwa macho ambayo nadhani huwaangalia wale wanaompakia mtoto mavi ya ng’ombe kitovuni. Si kwa hasira. Kwa huruma iliyochoka. “Fundi, Bwana wetu mwenyewe alilala kaburini siku tatu. Ekseli yako ni nani itake saba?”

“Sista, ikitoka leo itakuwa mbichi. Ikivunjika mtoni utakuwa na Sidi nyuma. Mimi nitamwambia nini mume wake?”

“Na isipokuja kabisa, utamwambia nini?”

Nilimpigia simu Mzee Mbwana nipate ruhusa yake. Simu ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake, kuhifadhi moto wa betri kwa ajili ya dharura. Upande wa Kinango mbingu ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya sufuria. Nikachukua jembe.

Lakini bahari ina ratiba yake. Maji yalikuwa yamejaa, na kaburi la ekseli liko chini yake. Tulikaa ukingoni, mimi na yeye, tukingoja maji yatoke. Kila mara simu yake ililia, na kila mara alijibu vilevile: “Mwambie Sidi asibebe maji. Mwambie Jumamosi.” Sijapata kungoja maji ya bahari kwa muda mrefu hivyo, nadhani siku ile mwezi ulisahau kazi yake. Saa nane yalikupwa. Sista alikunja gauni lake la kazi, akavua viatu, akaingia matopeni hadi magotini.

“Sista, acha, nitachimba mimi.”

“Chimba upande wako. Mimi nimewahi kutoa vitu vigumu kuliko hiki.”

Tukaitoa. Tukaiosha kwa maji ya mfereji. Na hapo, kwa mara ya kwanza, niliiangalia ekseli iliyotoka matopeni nikiwa na mtu aliyesimama nyuma yangu akipumua. Kutu ilikuwa imeanza kila mahali nilipopitisha moto. Katika mshono mmoja, karibu na springi ya kushoto, kulikuwa na vitundu vidogo kama vya mkate wa mofa, na maji ya chumvi yalitoka humo polepole. Vitundu vile nilikuwa nimevichomelea mimi, kwa rodi iliyokuwa imepata unyevu. Wangeviona hata shule ya jioni. Lakini nilikuwa na haraka ya kuizika, kwa sababu nilijua matope yatamaliza kilichobaki.

Sista aliona mwenyewe.

“Hicho ndicho kingevunjika?” akauliza.

“Hicho ndicho.”

“Basi kikate.”

Nilikikata. Nilisaga mshono wote hadi chuma king’ae, nikapasha joto taratibu mpaka unyevu uishe, nikaanika rodi juu ya jiko kama vitumbua, nikachomelea upya, kidole kwa kidole. Ijumaa asubuhi Kadhi alikataa. Nikarudi motoni, nikanyoosha. Saa sita akakubali: vidole viwili. Nikatia sili mpya. Nikafunga ngao yenye dirisha. Kisha nikafanya jambo moja ambalo nawaomba msilisahau hata mkinisahau mimi: juu ya kasha la ekseli kuna kijibomba cha kupumulia. Gari likienda, oili inapata moto. Likitumbukia mtoni ghafla, hewa iliyo ndani inapoa, inajivuta, na ekseli inakunywa mto. Oili inageuka chai ya maziwa. Nilikiunganishia mpira mrefu nikaupandisha hadi karibu na kifuniko cha tangi la mafuta, ili ipumue juu ya maji.

Jioni akaondoka. Sikumwambia kwamba nilikuwa naogopa. Nilimwambia tu, “Sista, mtoni ingia polepole. Pumzika ukingoni kwanza, ekseli ipoe.”

“Nayo inapenda kupumzika, hii,” akasema, akapanda juu ya mto wake wa kochi.

Usiku mvua ilianza. Ilipiga mabati yangu kama mtu anayemwaga kokoto. Nililala macho wazi nikiiona ekseli mbichi, isiyokomaa, ikikatika vipande viwili katikati ya maji, na mama mwenye kovu juu yake. Nilimlaumu Sista, nikamlaumu kibarua aliyeninong’oneza, nikajilaumu kwa kuitaja dawa ikapoa. Mke wangu akaniuliza nani amekufa.

Jumamosi, karibu na adhuhuri, simu ikalia.

“Fundi.”

“Naam, Sista.”

“Tumevuka.”

“Maji?”

“Yalifika mlangoni. Viatu vyangu vimeogelea.”

“Na ekseli?”

“Ekseli siioni, kaka, niko ndani ya gari. Lakini nyuma inanifuata.” Nikasikia sauti ya mwanamke kwa nyuma ikilalamika kwamba amebebwa kama gunia la nazi. “Huyo ni Sidi,” akasema Sista. “Anakusalimu.”

Niliketi chini palepale, juu ya oili. Mtoto alizaliwa Jumanne, wa kike, kwa kupasuliwa, salama. Walitaka kumpa jina langu, ikashindikana; wakampa la Sista, na ndivyo ilivyostahili.

Baada ya masika lile gari lilikuja nikalifungua. Nilimpitisha Kadhi. Vidole viwili. Oili safi kama asali. Sikuzika tena ekseli tangu siku ile, ingawa sikuwaeleza kwa nini. Niliwaambia tu tumebadilisha utaratibu, na nyinyi kwa adabu zenu hamkuuliza. Lakini sikuwa nimeacha kuamini. Nilifikiri Mungu alimwonea Sidi huruma akaifumbia macho ekseli ile mbichi. Kila gari lililotoka bila kuzikwa nililiombea kimyakimya.

Wiki moja baada ya kuniaga nilivuka kwa feri, nikaenda Mtongwe kwa Mzee Mbwana. Nilitaka kumwambia nimestaafu, na nilitaka kuungama. Nilimkuta barazani kwake, kofia nyeupe vilevile, akimenya muhogo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Kazungu. Mgongo waonaje?”

“Umepinda.”

“Waulizwe jirani zake,” akasema, akacheka.

Nikamweleza yote. Sista, matope, vitundu, mto, mtoto. Nikamwambia mzee, nisamehe, niliivunja desturi yako. Ekseli ile niliitoa siku ya tatu, na tangu hapo sijazika nyingine. Aliacha kumenya.

“Desturi gani?”

“Ya kuzika. Chuma kinywe chumvi.”

“Kinywe nini?”

“Chumvi, mzee. Kikomae.”

Akaninyooshea kisu cha muhogo. “Na grisi tulikuwa tukiipaka ya nini?”

“Hapo niliona… niliona ulikuwa ukikosea. Mimi nilizizika bila grisi.”

“La ilaha illallah.” Akaweka kisu chini. “Mwanangu, chumvi hula chuma. Nenda kaitazame feri uliyokuja nayo.”

“Basi siku saba zilikuwa za nini?”

“Fundi wa mashine wa mjini, yule aliyekuwa akituchongea shafti. Alikuwa akichukua wiki.”

“Na matope, mzee? Tulikuwa tukizika ya nini?”

“Gereji ilikuwa haina mlango, Kazungu,” akasema. “Watu walikuwa wakiiba.”